Zimamoto ya jiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu hukutana na zimamoto kwa mara ya kwanza siku ya balaa, macho yakiwaka kwa moshi, na maswali huja baadaye. Mbona walichelewa? Mbona walivunja madirisha? Mbona walisimama nje kwanza? Ni maswali ya haki na yanastahili majibu kamili. Vyeo na mipaka ya kazi hutofautiana nchi na nchi, ila kazi yenyewe inafanana karibu kila jiji.

Zimamoto ya jiji imepangwaje?

Juu kabisa yupo mkuu wa kikosi, anayewajibika kwa uongozi wa jiji au kwa serikali kuu, kutegemea nchi. Chini yake kazi imegawanywa. Kitengo cha uzimaji na uokoaji ndicho kinachojulikana zaidi, kwa sababu ndicho chenye magari na ving'ora. Nyuma yake kuna kitengo cha kinga na ukaguzi, kinachopitia michoro ya majengo kabla hayajajengwa na kukagua yale yaliyokwisha kujengwa. Kuna chumba cha mawasiliano kinachopokea simu, kitengo cha mafunzo, karakana ya magari na vifaa, na wachunguzi wa chanzo cha moto. Majiji makubwa huongeza timu maalumu: za kemikali hatari, za majengo yaliyoporomoka, za uokoaji majini, na penye bandari, boti za kuzimia moto.

Jiji hugawanywa katika kanda, kila kanda ina vituo vyake, na kila kituo kina zamu zinazopokezana usiku na mchana. Gari moja hubeba watu wanne hadi sita hivi, na kila kiti kina kazi inayojulikana kabla gari halijatoka. Dereva ndiye pia mwendesha pampu. Anayekaa kando yake ni kiongozi wa gari, naye ndiye macho ya kwanza ya kikosi kwenye tukio. Walioko nyuma wanajua nani anashika mpira, nani anakimbilia bomba la barabarani, nani anabeba shoka na nondo ya kufungulia milango. Gari likisimama hakuna anayeuliza afanye nini, na mpangilio huo peke yake huokoa dakika nzima.

Kwa nini vituo vingi vidogo? Si afadhali kituo kimoja kikubwa chenye kila kitu?

Kwa sababu moto haungoji. Moto ukianza kwenye chumba, gesi moto hujikusanya chini ya dari na kuchoma kila kitu kilicho chini yake kwa mnururisho, yaani joto linalofika bila miali kukigusa kitu. Joto la dari likifika nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, sofa, pazia, zulia na meza huanza kutoa gesi zinazoungua, na chumba kizima huwaka kwa mkupuo mmoja. Baada ya hapo hakuna anayetoka hai ndani ya chumba hicho, hata mzimamoto aliyevaa mavazi kamili.

Zamani hali hiyo ilichukua muda mrefu zaidi. Majaribio ya maabara nchini Marekani yamelinganisha chumba chenye samani za mbao na pamba na chumba chenye samani za sasa, zilizojaa sponji na plastiki. Cha kwanza kilichukua karibu nusu saa kufika hapo. Cha pili kilifika chini ya dakika 5. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini kituo kidogo chenye gari moja karibu na kwako kina thamani kuliko kituo cha fahari upande wa pili wa jiji. Jiji linapofunga kituo cha mtaani ili kubana matumizi, wakazi wa mtaa ule wana haki ya kuuliza gari litakalowafikia sasa litatoka wapi na litachukua dakika ngapi.

Nikipiga simu ya dharura, nini hutokea upande wa pili?

Anayepokea hutaka kwanza kujua mahali. Akishapata mahali na aina ya tukio, mwenzake tayari anatuma magari, huku wewe ukiendelea kuulizwa maswali. Watu wengi hukasirika wakidhani maswali yale yanachelewesha gari. Gari liko njiani. Majibu yako hupelekwa kwa redio kwa kiongozi wa gari ili afike akijua kuna mtoto ghorofani au mitungi ya gesi jikoni.

Mfumo huu ulizaliwa kwa uchungu. Mwezi Novemba 1935 nyumba ya mtaa wa Wimpole, London, iliungua na wanawake watano walikufa. Jirani aliyejaribu kupiga simu aliwekwa kwenye foleni na kituo cha simu, akabaki anasubiri huku moto anauona. Aliandika barua gazetini, suala likafika bungeni, na mwaka 1937 London ikaanzisha namba 999, ya kwanza ya aina yake duniani. Marekani ilifuata na 911 mwaka 1968. Hifadhi namba ya dharura ya nchi yako kwenye simu ya kila mtu nyumbani, na mtoto aijue kwa kichwa.

Niseme nini hasa?

Mahali ulipo, kwa alama ambazo mgeni anaweza kuzifuata: jina la barabara, jengo kubwa lililo karibu, ghorofa ya ngapi. Kinachoungua. Kama kuna mtu ndani na yuko upande gani. Usikate simu mpaka uambiwe. Kisha mtume mtu asimame barabarani kulipokea gari, hasa kama nyumba zenu ziko ndani ndani.

Gari hutakiwa kufika kwa dakika ngapi?

Kila nchi ina kiwango chake. Kiwango kinachotajwa sana ni NFPA 1710, cha chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto (NFPA), kilichotungwa kwa vikosi vya waajiriwa: sekunde 80 za kuvaa na kuondoka kituoni kwa tukio la moto, na sekunde 240 za safari kwa gari la kwanza. Lengo ni kulifikia hilo angalau mara 9 kati ya 10. Uliza kikosi cha jiji lako kimejiwekea kiwango gani na kinakifikia mara ngapi. Takwimu hiyo ni ya wananchi.

Mbona zimamoto hufika bila maji?

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na nalijibu kwa urefu kwa sababu limewahi kuwapigisha mawe watu waliokuja kuokoa.

Ni nadra gari kufika tangi likiwa tupu. Kinachotokea ni hesabu. Gari la kawaida la zimamoto hubeba kati ya lita 2,000 na 4,000 hivi. Mpira mmoja wa kushambulia moto wa nyumba hutoa lita 400 hadi 500 kwa dakika. Kwa hiyo tangi la lita 2,000 huisha ndani ya dakika 4 au 5, na kama mipira ni miwili, nusu ya muda huo. Tangi ni maji ya kuanzia tu: yanatosha kumlinda anayeingia kumtoa mtu, au kuuzima moto ambao bado ni mdogo. Baada ya hapo gari linatakiwa liwe limeunganishwa na haidranti, yaani bomba la zimamoto lililo kando ya barabara, au lilishwe na magari ya maji yanayopokezana, au livute kutoka mtoni, bwawani au baharini.

Hapo ndipo mambo huharibika. Haidranti imefukiwa wakati wa ukarabati wa barabara. Imejengewa ukuta. Gari la mtu limeegeshwa juu yake. Au inafunguliwa na hakuna presha, kwa sababu mtandao wa maji wa mtaa umezidiwa na idadi ya watu. Mzimamoto anayehangaika na haidranti kavu mbele ya umati uliopandwa na hasira hana kosa. Kosa lilifanyika miaka kadhaa nyuma, kwenye mipango ya maji na ya barabara. Mkazi anaweza kusaidia kwa jambo dogo: kujua haidranti ya karibu iko wapi, kutoegesha hapo, na kuripoti inayovuja au iliyofukiwa.

Kwa nini moto wa chumba kimoja huletewa magari matatu au manne?

Kwa sababu kazi ni nyingi na zote zinatakiwa kufanyika kwa wakati mmoja. Kuna wa mpira, wa kutafuta watu, wa ngazi, wa kufungua njia ya moshi, wa kukata umeme na gesi, wa pampu na wa maji. Tena vikosi vingi hufuata kanuni ya wawili ndani, wawili nje: hakuna anayeingia peke yake kwenye moshi, na wanapoingia wawili lazima wawepo wengine wawili nje, wamevaa tayari, kuwafuata wakipatwa na jambo. Kurudisha gari lisilohitajika ni rahisi. Kuliita baadaye ni kupoteza dakika ambazo hazipo.

Mbona husimama kwanza wakizunguka nyumba badala ya kuingia?

Kiongozi wa gari anaisoma nyumba. Moshi mweusi mzito unaosukumwa kwa nguvu mlangoni unamwambia jambo moja. Moshi mwepesi wa kijivu unamwambia jingine. Anatazama pande zote kwa sababu mbele huenda pana moshi tu wakati nyuma kuna mama ameshikilia dirisha. Mzunguko huo ni wa chini ya dakika moja. Kuna jambo moja tu linaloweza kuukatisha: mtu anayeonekana yuko hatarini.

Na kuvunja madirisha na kutoboa paa?

Moshi ni kama kuni ambazo bado hazijawaka. Umejaa gesi zinazoweza kuwaka, na ndio unaoua watu wengi kuliko ndimi zenyewe. Tundu likifunguliwa juu ya moto, sambamba na maji yanayoingia chini, moshi na joto hutoka na aliye ndani anapata kuona sakafu. Ila tundu lisilopangwa huleta hewa mpya na moto hulipuka upya. Ndiyo sababu wataalamu wa leo wanasisitiza sana kudhibiti mlango, na ndiyo sababu raia mwema anayevunja dirisha "kuwasaidia" kabla hawajafika anaweza kumuua aliye ndani.

Eneo la tukio nani ana amri?

Kamanda wa tukio, mmoja tu. Wa kwanza kufika huishika amri, na ofisa wa juu akija huipokea waziwazi kwa redio. Utaratibu unaotumika sasa katika nchi nyingi ulijengwa Kalifonia baada ya moto mkubwa wa nyika wa 1970, ambapo vikosi vya mashirika mbalimbali vilikutana na kushindwa kuelewana, kila kimoja na lugha yake ya redio na vyeo vyake. Kanuni yake kuu ni kwamba mtu mmoja asisimamie watu wachache kuliko watatu wala zaidi ya saba, watano ikiwa ndiyo idadi inayofaa. Tukio likikua, kamanda anagawa eneo na kuweka viongozi wa sehemu. Polisi, watu wa umeme, wa gesi na wa hospitali hukutana naye pale pale.

Kwa nini mnakagua majengo? Si mngengoja moto?

Jibu liko New York, 25 Machi 1911. Kiwanda cha nguo cha Triangle kilikuwa ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Zimamoto walifika upesi, lakini ngazi yao ndefu iliishia karibu na ghorofa ya 6. Mlango mmoja wa ngazi za ndani kwenye ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi ya chuma ya nje iliporomoka kwa uzito wa watu. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Kikosi kilikuwa na ujasiri na vifaa bora vya wakati ule. Hakikuweza kufungua mlango ambao mtu aliufunga asubuhi.

Mkaguzi anapokuja jengoni kwako anautafuta mlango ule. Atausukuma mlango wa dharura aone kama unafunguka bila ufunguo, na kama unafungukia nje. Atapanda ngazi za dharura kutazama kama zimegeuzwa stoo ya viti vibovu na maboksi. Atashika mtungi wa kuzimia moto, asome sindano ya presha na tarehe ya matengenezo. Ataangalia waya uliobebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Mwenye jengo anayeyaona haya kuwa usumbufu na anayetafuta cheti cha mkato anacheza na roho za watu wasiomjua, na sioni namna ya kulisema hilo kwa upole.

Wasipokuwa kwenye moto wanafanya nini?

Zamu huanza kwa ukaguzi. Kila mmoja anafungua mtungi wake wa hewa, anasoma presha, anavaa barakoa na kuziba njia ya hewa kwa kiganja aone kama inamkaa usoni bila kuvuja. Anatingisha kile kifaa kidogo cha kengele kinachofungwa kwenye mkanda, ambacho hulia kwa nguvu mvaaji akikaa bila kutikisika kwa nusu dakika hivi. Dereva anawasha pampu, anafungua kila koki. Misumeno inawashwa, ngazi zinashushwa na kurudishwa. Baada ya hapo ni mazoezi, ukaguzi wa haidranti, kutembelea majengo makubwa ili kujua ngazi na vali zake ziko wapi, na kufundisha shuleni na viwandani.

Na simu nyingi si za moto. Ajali za barabarani ambako mtu amebanwa ndani ya gari, mafuriko, lifti zilizokwama, gesi inayovuja, watu waliotumbukia visimani. Katika majiji mengi ya Marekani simu za wagonjwa ndizo nyingi kuliko zote, kwa kuwa gari la zimamoto mara nyingi ndilo lililo karibu zaidi na mtu aliyesimama moyo.

Mpango huu ulianzia wapi?

Mbali. Kaisari Augusto aliunda kikosi cha Roma mwaka 6 baada ya Kristo: makundi saba, kila moja likilinda mitaa miwili kati ya 14 ya jiji. Paris ilipata kikosi chake cha kijeshi mwaka 1811, baada ya moto ulioua wageni kwenye dansi ya balozi wa Austria mwaka uliotangulia; hadi leo wazimamoto wa Paris ni wanajeshi. Edinburgh ilimkabidhi kikosi James Braidwood mwaka 1824, naye akawafundisha watu wake kuingia na kukifuata chanzo cha moto badala ya kumwaga maji kutoka barabarani. Alikufa kazini London mwaka 1861, ukuta ulipomwangukia. Cincinnati ilianza kulipa mishahara wazimamoto wake wote mwaka 1853.

Wote ni waajiriwa?

Hapana. Chile nzima inalindwa na wazimamoto wa kujitolea, pamoja na mji mkuu. Ujerumani ina waajiriwa kwenye majiji makubwa, lakini sehemu kubwa ya wazimamoto wake ni raia wanaoacha kazi zao kengele ikilia. Kujitolea hakumaanishi kubahatisha: mafunzo ni yale yale na moshi ni ule ule.

Huduma inalipiwa?

Katika majiji mengi kuitwa kwa dharura ni bure. Kinacholipiwa mara nyingi ni vyeti, ukaguzi wa biashara na mafunzo ya kuombwa. Usichelewe kupiga simu kwa kuogopa gharama.

Tufanye nini kabla hawajafika?

Tokeni, na kila mlango mnaoupita ufungeni. Mlango wa kawaida wa mbao uliofungwa huweka chumba katika hali ya kuishi kwa dakika kadhaa wakati korido inaungua. Ni kinga rahisi kuliko zote na ndiyo inayosahaulika zaidi. Moshi ukishuka, tambaeni. Hewa nzuri iko chini. Mkishindwa kutoka, fungeni mlango, zibeni chini yake kwa nguo, simameni dirishani mwonekane.

Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, zima jiko kama unaweza kulifikia, funika kwa kifuniko na uache yapoe. Kamwe usimwage maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama, na yakigeuka mvuke hutanuka takribani mara 1,700, yakiyarusha mafuta yanayowaka hadi darini na usoni kwako.

Mtungi wa kuzimia moto utumie tu kama moto ni mdogo na mlango wa kutokea uko mgongoni mwako. Vuta pini, elekeza chini ya miali, bonyeza, fagia kushoto na kulia. Mitungi mingi ya nyumbani huisha chini ya nusu dakika. Ukiisha na moto bado upo, ondoka. Na usirudi ndani kwa ajili ya simu, cheti wala fedha.

Moto ukishazimwa, naweza kuingia?

Subiri kamanda akuruhusu. Dari zilizolowa huanguka baadaye, na makaa yaliyojificha ukutani huwaka upya. Wachunguzi nao wanahitaji vitu vibaki vilivyo ili wasome chanzo. Usiwashe umeme mpaka fundi aukague. Omba taarifa ya tukio kwa maandishi. Bima na ofisi za kutoa hati mbadala zitaihitaji.

Kazi hii inawadhuru vipi wanaoifanya?

Kuliko inavyoonekana. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la juu kabisa la visababishi vya saratani kwa binadamu. Masizi yanayong'ang'ania mavazi hubeba sumu, na hupenya ngozini. Ndiyo maana kikosi makini huwaosha watu wake pale pale kwenye tukio, hufungasha mavazi machafu kwenye mifuko na humpa kila mmoja seti ya pili. Kuna pia majeraha ya moyoni, ya aliyemtoa mtoto akiwa amechelewa, nayo yanahitaji mshauri na mapumziko kama mguu uliovunjika unavyohitaji plasta.

Nataka kujiunga. Nahitaji nini?

Afya njema, elimu inayotakiwa na nchi yako, na mwili unaoweza kupanda ghorofa ukiwa na zaidi ya kilo 20 za mavazi na mtungi. Usaili mwingi hupima pia urefu na giza: utapandishwa kwenye ngazi, na utaingizwa kwenye chumba kilichozibwa ukiwa na barakoa, ukifuata mpira kwa mikono. Anayeogopa hafukuzwi kwa kuogopa. Anayeficha kwamba mtungi wake unakaribia kuisha hewa ndiye anayerudishwa nyumbani, kwa sababu mwenzake anayemfuata amejikabidhi kwake.